Kamera ya geti inayokatika giza likiingia: shajara ya mradi

Mahali ni Kigamboni, Dar es Salaam. Nyumba ya tofali za saruji, paa la mabati, ruta ya laini ya simu ya 4G iko sebuleni. Kamera ni moja, ya waifai, ya nje, imefungwa chini ya ubao wa paa ikitazama geti. Inapata umeme wa volti 5 kupitia waya wa USB wa mita 10 unaoanzia kwenye soketi ya sebuleni, ukapita juu ya dari na kutokea nje. Ndani yake kuna memori kadi ya GB 64.

Mchana inaonyesha vizuri. Usiku programu ya simu inaandika kwamba kifaa hakipo hewani, baada ya muda kinarudi, halafu kinapotea tena, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Mke wangu ni muuguzi na anarudi kutoka zamu za usiku, na Mama tunaishi naye. Kamera ilinunuliwa ili mtu amwone aliyesimama getini kabla hajashika kufuli. Mama aliniuliza, "Mwanangu, sasa likigongwa saa nane usiku nitazame wapi?" Sikuwa na jibu, na ndiyo sababu ya kazi hii. Naandika kila hatua pamoja na bei yake, ili mwenye tatizo kama hili asitoe hela kabla hajajua ugonjwa uko wapi.

8 Februari 2025: hatua za bure

Nilianza na yale ambayo kila mtu anaambiwa: kuzima na kuwasha ruta, kusasisha programu ya kamera, kuifuta na kuisajili upya. Hakuna kilichobadilika.

Ruta yangu ilikuwa inatangaza masafa mawili ya waifai, 2.4 GHz na 5 GHz, kwa jina moja, na kamera hii inaelewa 2.4 tu. Nikayatenganisha majina. Usalama wa waifai nikauweka WPA2 peke yake badala ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, ambazo ni aina mbili za kulinda waifai, kwa kuwa kamera nyingi za bei ya chini zinababaika kwenye mchanganyiko huo. Haya mawili hayakuwa chanzo kwangu, lakini yafanye hata hivyo, yanapunguza watuhumiwa.

Nikakagua na kifurushi. Natumia cha mwezi, kwa hiyo haikuwa ile hali ya kifurushi cha siku kuisha usiku wa manane na kila kitu kikanyamaza nacho. Anayetumia vifurushi vya saa 24 aanzie hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha nguvu ya mawimbi. Kwenye simu kuna programu za bure zinazoisoma kwa dBm. Namba ina alama ya kutoa, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: kwenye -50 hali ni nzuri sana, ikishuka chini ya -75 video inaanza kusuasua. Nilisimama chini ya kamera nikasoma -71. Ruta ilikuwa nyuma ya televisheni, karibu na sakafu, na kati yake na geti kuna ukuta wa saruji na dirisha lenye nondo nene. Nikaihamishia juu ya mlango wa mbele. Ikawa -63. Hiyo ni faida kubwa ya bure, lakini usiku ule kamera ilikatika kama kawaida.

15 Februari: kifaa cha kurefusha waifai (Sh 48,000)

Kila niliyemuuliza alisema mawimbi hayatoshi. Nikanunua kifaa cha kurefusha waifai, nikakichomeka kwenye soketi ya kibarazani, mita chache kutoka kwenye kamera. Chini ya kamera mawimbi yakapanda hadi -54. Picha ikafunguka haraka zaidi, mchana.

Giza lilipoingia, kifaa hakipo hewani.

Nilikiacha wiki nzima ili nisikihukumu kwa usiku mmoja, na hakikubadilisha lolote. Kama mawimbi yalikuwa ndiyo ugonjwa, kutoka -71 hadi -54 kungepunguza walau nusu ya kukatika. Hakukupunguza hata kidogo. Nimekiondoa na kumpa shemeji, ambaye nyumba yake kweli ina shida ya mawimbi.

22 Februari: pingi za usiku kucha (bure)

Maneno "hakipo hewani" hayasemi ni kitu gani kimekufa. Picha ikitoka getini inavuka hatua tatu: kutoka kamera hadi ruta, kutoka ruta hadi intaneti, halafu kutoka seva ya mtengenezaji hadi simu yangu. Ikikatika hatua yoyote kati ya hizo, ujumbe ni uleule. Nilitaka kujua inakatikia wapi, na kama ningelijua hilo kwanza, zile 48,000 zingebaki mfukoni.

Kwenye mipangilio ya ruta niliipa kamera anwani isiyobadilika, 192.168.1.20, nikitumia namba yake ya MAC, ile inayotambulisha kifaa kwenye mtandao. Laptopu nikaiunga na ruta kwa waya, nikafungua madirisha matatu ya pingi zisizo na kikomo (pingi ni ujumbe mfupi wa kukiuliza kifaa kama kipo, nacho hujibu): moja kwa ruta yenyewe, moja kwa kamera, moja kwa 8.8.8.8 ambayo iko nje kabisa kwenye intaneti. Kwenye Windows unaandika ping, unaacha nafasi, unaandika -t, halafu anwani. Namna ya kusoma majibu ni hii: ikinyamaza 8.8.8.8 peke yake, tatizo ni laini ya intaneti au kifurushi. Zikinyamaza zote tatu, tatizo ni ruta. Ikinyamaza kamera tu, tatizo liko kati ya ruta na kamera.

Kwangu ilinyamaza kamera tu. Ruta na 8.8.8.8 zilijibu usiku kucha.

Lakini namna ilivyonyamaza ndiyo iliyonishughulisha. Kamera inayopoteza mawimbi hulalamika kwanza: majibu yanapanda milisekunde 300, 800, mengine yanapotea, mengine yanarudi. Hii yangu ilikuwa inajibu kwa milisekunde 4 hadi 8, safi kabisa, halafu kimya cha ghafla. Nikakaa na saa mkononi kupima kimya hicho. Takriban sekunde 40. Kinachofuata, takriban 40 tena. Nikaenda kwenye chaja, nikachomoa waya wa kamera na kuuchomeka palepale kwa makusudi. Kimya cha sekunde 40.

Maana yake kamera ilikuwa haipotezi waifai. Ilikuwa inazimika na kuwaka upya.

Neno moja la pembeni kwa wanaopenda kugusa mipangilio ya ruta: rafiki alinishauri nifungue milango ya ruta ili kamera ifikiwe moja kwa moja kutoka nje, eti ndiyo dawa ya kukatika. Sikufanya na usifanye. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani kwenye vifaa vilivyoachwa wazi kwenye intaneti. Badilisha nywila ya kamera, acha milango imefungwa.

1 Machi: chaja kubwa zaidi (Sh 18,000) na kipima cha USB (Sh 10,000)

Kama inazimika, basi umeme. Fundi aliyenifungia alisema, "Kaka, hiyo chaja ya ampea moja ni ndogo. Weka ya ampea tatu, itatulia." Nikanunua nzuri, ya ampea 3. Jioni ileile ikakatika.

Nikanunua na kile kipima kidogo cha USB kinachokaa kati ya chaja na waya na kuonyesha volti na ampea. Mchana kilisoma volti 5.05 na ampea 0.30. Usiku volti 5.02, ampea 0.65. Volti zimetulia, chaja haina kosa. Hizo ampea zilizopanda zaidi ya mara mbili nikaziandika pembeni.

Ukitazama namba hizo peke yake unaweza kuapa kwamba umeme ni mzima. Tatizo ni mahali nilipopimia: sebuleni, mita 10 kabla ya kamera.

9 Machi: wingu

Mpaka hapa nilikuwa naita tatizo "la usiku", na kila dhana iliyokuwa mezani ilihusu saa: mtandao kujaa watu wakiwa nyumbani, umeme wa mtaa kushuka jioni, seva ya mtengenezaji kuzidiwa. Leo saa tisa alasiri limekuja wingu la masika, zito, jeusi, taa za ndani tukaziwasha. Kabla tone la kwanza halijagonga bati, kamera ikapotea. Wingu lilipopita na jua kutoka, ikarudi na kutulia.

Nikarudi kwenye kumbukumbu za programu. Mapema Februari kukatika kulikuwa kunaanza saa moja kasoro. Sasa, Machi, kunaanza mapema kidogo, sambamba na jua linavyozama. Kamera hii haijali ni saa ngapi. Inajali mwanga. Na kitu kinachofanyika ndani ya kamera mwanga ukipungua ni kimoja: inawasha taa zake za infraredi, za mwanga usioonekana kwa macho, ili ione gizani. Zile ampea 0.65 nilizoandika pembeni zikapata maana.

15 Machi: ngazi, maltimita (Sh 20,000) na kitambaa cheusi

Hiki ndicho kipimo kilichomaliza ubishi, kwa hiyo nakieleza polepole.

Watu wengi wakipima umeme wa kamera huchomoa kamera, wanagusisha mita kwenye ncha ya waya, wanasoma 5.05, wanasema umeme upo. Waya usio na mzigo utakuonyesha volti zote hata ukiwa mwembamba kama uzi. Lazima upime kamera ikiwa inafanya kazi. Nilikata waya sentimita chache kabla ya kamera nikauunga tena kwa koneka ya skrubu, ili ncha za mita ziguse skrubu huku kamera inawaka.

Saa sita mchana, jua kali, niko juu ya ngazi. Mita inasoma 4.42. Ni pungufu sana ya volti 5 za USB, lakini kamera inavumilia. Nikakunja kitambaa cheusi mara mbili nikaifunika. Sekunde chache, halafu ukasikika mlio mdogo, "tik", ndani ya kamera. Huo ni mlio wa kichujio kinachosogea mbele ya lenzi kamera inapoingia hali ya usiku. Palepale mita ikaanguka: 3.68. Ikacheza 3.5, taa ndogo ya kamera ikazimika, na mita ikaruka hadi 5 kwa kuwa hapakuwa tena na mzigo. Mke wangu aliyekuwa ameshika ngazi, simu mkononi, akasema, "Imepotea."

Nikatoa kitambaa. Ikawaka, ikajiunga, mita ikarudi 4.42. Nikaifunika tena, ikafa tena. Usiku, baada ya futari, nikapanda na tochi kuhakikisha: namba zilezile.

Hesabu yake ni rahisi. Nilizima umeme, nikaunganisha nyaya mbili za ncha moja zigusane, nikapima upinzani kwenye ncha nyingine: omu 2.1 kwenda na kurudi. Zidisha omu kwa ampea unapata volti zinazoliwa na waya. Mchana 2.1 mara 0.30 ni 0.63. Usiku 2.1 mara 0.65 ni karibu 1.4. Toa kwenye 5.05 unapata karibu kabisa na mita ilivyosoma. Chaja ya ampea 3 isingeweza kusaidia, kwa sababu chaja haisukumi ampea. Kamera ndiyo inayovuta inazohitaji, na waya mwembamba unatoza ushuru njiani.

Hata namna ya kukatika na kurudi inaeleweka sasa. Kamera ikizimika inawaka upya huku taa za infraredi zimezimwa, volti zinatosha, inajiunga na waifai, simu inaandika kwamba ipo. Kisha inagundua kuna giza, inawasha taa, inaanguka.

Kwa asiye na mita, kuna kipimo cha bure kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima taa za usiku, iache hivyo mpaka asubuhi. Nilifanya hivyo usiku huo. Haikukatika hata mara moja. Tulipoamka kula daku ilikuwa bado hewani. Picha ilikuwa nyeusi tii, lakini ilikuwa hewani. Ikitulia kwako taa zikiwa zimezimwa na ikianza kuanguka ukiziwasha, tazama umeme unaofika kwenye kamera. Usinunue ruta.

22 Machi: volti 12 njiani, volti 5 mlangoni

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kutupa waya mwembamba na kuvuta wa milimita 1.5 za mraba. Kwa mita 10 upinzani wake wa kwenda na kurudi ni kama omu 0.23 tu, ungekula volti 0.15 usiku. Ni njia safi, na kwa mwenye nafasi ya kupitisha waya ndiyo ningemshauri. Kwangu bomba lililozikwa kwenye plasta ni dogo, waya huo haupiti bila kubomoa.

Nikachukua ya pili: kupeleka volti 12 kwenye waya uleule, kisha kuzishusha ziwe 5 pale pale kamera ilipo. Nguvu ileile kwa volti kubwa inahitaji ampea chache, na ampea chache zinapoteza kidogo. Kamera yenye taa zote inakula kama wati 3.3. Ukiongeza zinazopotea kwenye kushusha, ni ampea 0.33 kwa volti 12, na waya unakula volti 0.7. Zinafika 11.3, nyingi kuliko zinavyohitajika.

Kariakoo uliza moduli ya LM2596. Ndiyo inayoshusha volti: kibao cha saketi, kidogo kuliko kiberiti, chenye skrubu ndogo ya shaba juu ya kiboksi cha bluu. Nililipa Sh 5,000. Adapta ya volti 12 ampea 2 ilikuwa 15,000. Boksi la plastiki la nje, koneka, jeki na silikoni jumla 9,000.

Hapa pana hatari ya kweli. Moduli ikitoka dukani haijapangwa, inaweza kutoa karibu volti zote ulizoingiza, na kamera ya volti 5 ikipewa 11 inaungua. Ipange mezani, kamera ikiwa mbali. Ingiza 12, weka mita kwenye upande wa kutokea, zungusha skrubu kinyume cha saa. Itazunguka sana bila namba kubadilika, utadhani imeharibika. Endelea, ghafla itaanza kushuka. Niliiweka kwenye 5.10, nikaiacha inawaka kwa muda nikapima tena, kisha nikadondoshea tone la rangi ya kucha juu ya skrubu isihame. Hakikisha pia chanya na hasi mara mbili. Nyaya za ndani za USB kawaida nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi, lakini nyaya za bei rahisi nimeshakuta rangi zimebadilishana. Amini mita kuliko rangi.

Na andika kwenye waya wa sebuleni, kwa kalamu isiyofutika, "VOLTI 12". Mtu asije akaichomeka chaja ya simu hapo.

Boksi nimelifunga chini ya paa, tundu la waya likitazama chini ili maji yasiingie, nikaziba kwa silikoni. Nikafunika kamera kwa kitambaa. "Tik." Mita: 5.08. Nikangoja. 5.08. Usiku ule na zilizofuata pingi za kamera zilijibu mpaka asubuhi, taa za infraredi zikiwaka. Mama sasa anaangalia geti mwenyewe kwenye simu yake kabla ya kuuliza nani.

5 Aprili: kukatika kwa aina nyingine

Umeme wa mtaa ulikatika mchana na kurudi. Simu zote zikajiunga na waifai, kamera haikujiunga. Dalili hii si ile ya kwanza. Volti zilikuwa 5.1, taa ndogo ya kamera ilikuwa inapepesa ikitafuta, na hata baada ya nusu saa haikupata kitu. Saa mbili baadaye nikazima na kuwasha ruta, kamera ikaingia mara moja.

Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa ruta. Chaneli, yaani sehemu ya masafa ambayo waifai inatumia, ilikuwa imewekwa ijichague, na iliporudi kwa umeme ilijichagulia 13. Kamera nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya masoko yanayoishia chaneli 11, kwa hiyo ruta ikiwa kwenye 12 au 13 kamera haiioni kabisa, huku simu zinaiona. Nililijaribu kwa makusudi: nikaiweka 13, kamera ikapotea na haikurudi. Nikaiweka 11, ikarudi.

Chagua kati ya 1, 6 na 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Kwangu majirani wamejazana kwenye 1 na 6, nikaikaza kwenye 11, na upana nikauweka 20 MHz badala ya 40. Gharama hakuna.

19 Aprili: UPS ndogo (Sh 85,000)

Kamera ya ulinzi inayolala umeme ukikatika inalala saa ambayo mtaa mzima una giza. Sasa kwa kuwa kamera inakula volti 12 kama ruta, zote mbili zinaweza kutegemea UPS moja ndogo, zile za betri zinazotengenezwa kwa ajili ya ruta. Hii ni faida ya volti 12 ambayo waya mnene usingenipa.

Kwenye kununua, tazama tundu la volti 12 linatoa ampea ngapi, yangu inatoa 2. Halafu usidanganywe na namba kubwa ya mAh, kipimo cha uwezo wa betri. Yangu imeandikwa 8800, lakini hizo zinahesabiwa kwa volti 3.7 za betri, yaani wati-saa 32 na kitu. Ruta yangu inakula kama wati 6 na kamera karibu 4, jumla 10. Ukitoa zinazopotea, hesabu inasema chini kidogo ya saa tatu. Nilizima swichi kuu jioni nikapima, ikashika saa mbili na nusu. Muuzaji alikuwa amesema, "Bosi, hii inakupeleka mpaka asubuhi." Haifiki asubuhi. Ila makatizo mengi ya kwetu ni mafupi kuliko hapo, na umeme unaporudi ruta haiwaki upya, kwa hiyo hata lile la chaneli halipati nafasi.

24 Mei: baada ya masika

Mvua zimepita juu ya boksi na ndani ni kukavu. Nimelifungua kukagua. Skrubu za koneka upande wa kamera zimeanza kutu ya kijani, chumvi ya bahari haisubiri. Nimezisugua, nimezipaka grisi kidogo na kuzikaza upya. Aliye karibu na maji afanye hivyo kila baada ya miezi michache, maana kiungo chenye kutu ni upinzani mpya, na utarudi kule kule.

Memori kadi ya zamani ilikuwa inaomba kufutwa kila mara. Kuzimwa ghafla katikati ya kuandika, usiku baada ya usiku, kulikuwa kumeshaiharibu. Nimenunua ya aina inayotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, Sh 38,000.

Kitu cha mwisho ni buibui. Wanatanda mbele ya kamera, na uzi mmoja mbele ya lenzi, ukimulikwa na taa za infraredi, unang'aa mweupe usiku kama kamba. Ukitikiswa na upepo kamera inahesabu kwamba kuna mtu, inatuma tahadhari mfululizo na kula kifurushi. Ufagio wa makuti kila Ijumaa unatosha.

Hela zote nilizotoa ni Sh 248,000. Kati ya hizo 66,000, za kurefusha waifai na chaja kubwa, hazikugusa ugonjwa. Zilizoponya kukatika kwa usiku ni 29,000, yaani moduli, adapta na boksi na vikorokoro vyake, ukiacha maltimita ya 20,000 ambayo itaendelea kufanya kazi nyingine.

Kinachofuata ni kamera ya uani. Waya wake utakuwa mita 18, aina ileile nyembamba, omu kama 3.8 kwenda na kurudi. Kwa ampea 0.33 utakula volti 1.25, zifike 10.7, na moduli inahitaji kuingiziwa volti mbili tu hivi zaidi ya zile inazotoa. Kwa hesabu inatosha. UPS ndiyo itakayobanwa, kwa kuwa mzigo utapanda kutoka wati 10 hadi 14 na muda utashuka chini ya saa mbili. Nikishafunga na kufunika kwa kitambaa nitaweka hapa mita ilivyosoma.